SARE ZA SHULE: TUZIDAI AU TUZITOE?

Maneno yaliyosomwa na kamati ya elimu mbele ya mkutano mkuu wa mwaka



Mtakumbuka kwamba katika mkutano mkuu uliopita lililetwa ombi la kwamba chama chetu kiwaandikie walimu wakuu wa shule za umma za mitaani mwetu, kuwataka waiondoe kabisa sheria ya sare. Ubishi ulikuwa mkali, jua likatuchwea, na mkatuagiza sisi wa kamati ya elimu tulichunguze jambo hilo kisha tulirudishe kwenu. Leo twalirudisha. Twaomba mtuvumilie mpaka mwisho, kwa maana tuliyoyakuta siyo yote tuliyoyatarajia, na mengine yanatuhusu sisi wenyewe zaidi ya yanavyowahusu walimu.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Sare si neno geni kwetu. Akina mama wakienda arusini hununua leso za namna moja, wakasema wamevaa sare. Mpira ukimalizika pasipo mshindi, twasema timu zimetoka sare. Maana yake ni kulingana, asiwepo wa kumpita mwenziwe. Hiyo ndiyo sifa ya sare. Lakini akina mama mliomo humu mwajua vilevile jambo la pili, ambalo halisemwi kwa sauti: yule asiyeweza kuinunua leso ile hubaki nyumbani siku ya arusi, akasema anaumwa na kichwa. Basi neno lile lile lawaunganisha waliomo ndani na kumfungia mlango aliye nje. Ndugu zetu, shauri lote la sare za shule limo katika mambo hayo mawili.

Tulipotafuta asili ya desturi hii tulijifunza jambo la kutufikirisha. Huko London, katika mwaka wa 1552, ilifunguliwa shule iitwayo Christ's Hospital kwa ajili ya watoto fukara na yatima. Watoto wale walivikwa makoti marefu ya rangi ya buluu, na wanafunzi wa shule hiyo wanayavaa hata leo. Hawakuambiwa waende wakayanunue ndipo wapokewe. Walipewa, kwa sababu hawakuwa na kitu. Kumbe mmojawapo wa mizizi ya sare ni nguo aliyopewa mtoto maskini. Sisi tumeigeuza ikawa kitu anachodaiwa mtoto maskini. Twaomba jambo hili likae mioyoni mwenu tunapoendelea.

Hapa kwetu Kenya sare ililetwa na wamisheni na serikali ya kikoloni. Wazee waliosoma siku zile wanaikumbuka kaptura ya kaki na miguu mitupu. Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963 hatukuitupa sare; tuliishika kwa mikono miwili, kwa sababu kwa mzazi aliyekosa elimu hapakuwa na furaha kubwa kama kumwona mwanawe asubuhi amevaa nguo za shule. Mwaka wa 1974 serikali iliondoa karo katika madarasa manne ya kwanza ya shule za msingi, lakini michango ya majengo ikafuata, na watoto wengi wakarudi nyumbani. Mwezi wa Januari 2003 karo ikaondolewa tena katika shule zote za msingi za umma, na watoto zaidi ya milioni moja ambao hawakuwa shuleni wakaingia. Jambo hilo ni kubwa, nasi twalishukuru. Lakini sare haikuwamo katika yale yaliyolipiwa na serikali. Karo iliondoka langoni, sare ikabaki imesimama pale pale.

Wazee wetu watamkumbuka Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza huko Eldoret mwezi wa Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84. Mzee huyo baadaye alikuja kukaa hapa Eastlands, katika nyumba ya wazee ya Cheshire huko Kariobangi, akaendelea na masomo mpaka ugonjwa ulipomshinda. Alifariki mwaka wa 2009. Dunia nzima iliiona picha yake: mzee mwenye mvi, amevaa kaptura ya shule na soksi ndefu, ameketi kati ya watoto. Hakuona haya. Alijua kwamba nguo ile ilimtangaza kuwa mwanafunzi, na uanafunzi ndio aliokuwa ameukosa maisha yake yote. Asiyeelewa kwa nini watu wetu wanaipenda sare, na aitazame picha hiyo.

Sasa twaja kwenye kisa kilicholizua shauri hili. Wengi mmekisikia vipande vipande, nasi tumeombwa na bibi mwenyewe tukieleze sawasawa, pasipo kumtaja yeye wala shule.

Mwanachama mwenzetu anamlea mjukuu wake wa kike, aliye katika gredi ya tano. Muhula ulipofunguliwa, sweta ya mtoto ilikuwa imechakaa viwiko. Bibi alikwenda Gikomba, akachagua sweta ya rangi ile ile, nzima na safi, akailipia kwa fedha za mboga alizouza juma lile. Asubuhi mtoto alisimamishwa langoni. Rangi ilikuwa sawa, lakini sweta haikuwa na beji iliyofumwa kifuani, na sweta yenye beji ilipatikana katika duka moja tu, kwa bei ya karibu mara tatu. Akaambiwa arudi nyumbani mpaka aipate.

Mtoto hakurudi nyumbani. Alijua bibi yake amekwisha kutumia fedha alizokuwa nazo. Kila asubuhi aliaga kama kawaida, akashika mkoba, akaenda kuzunguka sokoni hadi saa ya watoto kutoka shuleni, kisha akarudi na kusema masomo yalikuwa mazuri. Alifanya hivyo siku nane. Siku ya tisa mama mmoja muuza viatu alimtambua kwa sketi yake ya shule, akamshika mkono, akamleta nyumbani. Bibi alipomuuliza kwa nini hakusema, mtoto alijibu kwamba hakutaka bibi aone haya.

Wazee wetu, msichana wa miaka kumi na mmoja kuzunguka peke yake sokoni siku nane si jambo dogo. Mwajua yanayoweza kumpata. Mungu alimlinda.

Nasi tulikwenda shuleni tukiwa na hasira. Mwalimu alitupokea kwa adabu, akatueleza kwamba sheria ya beji haikuwa yake. Ilipitishwa na bodi ya shule pamoja na wawakilishi wa wazazi, ili shule ipendeze na ionekane ina nidhamu. Tulipoyatazama majina ya waliohudhuria kikao kile, tuliwakuta wanachama wetu wawili. Wamo humu ukumbini, nao wametupa ruhusa tuyaseme haya. Waliinua mikono kuunga mkono. Hawakuwa na nia mbaya. Walitaka shule ya watoto wetu isidharauliwe mbele ya shule za matajiri. Lakini ukweli ni kwamba mlango ule haukufungwa na mgeni. Tuliufunga sisi.

Basi, je, tuiondoe sare? Kamati yetu ilikaa mara tatu juu ya jambo hilo, na jibu letu ni hapana. Twaomba waliolileta ombi watusikilize, kwa maana huruma yao ni yetu pia.

Tazameni kitakachoshika nafasi ya sare. Siku ambazo shule huwaruhusu watoto kuja na nguo za nyumbani, muulizeni mama wa watoto wanne alilalaje usiku wake. Mtoto mmoja atakuja na viatu vya bei kubwa, mwingine na suruali iliyopita kwa kaka watatu, na darasa lote litajua kabla ya kengele nani ni nani. Sare mbili zilizofuliwa vizuri zinamtosha mtoto mwaka mzima; nguo za nyumbani hazina kikomo, kwani kila juma lina mtindo wake. Tena sare ni ulinzi. Dereva wa matatu humwona mtoto akivuka barabara. Muuza viatu wa Gikomba alimtambua binti yetu kwa sketi yake. Angekuwa amevaa gauni la kawaida, nani angemuuliza? Wala tusiwasahau mafundi wetu. Wapo wanachama wa chama hiki wanaolisha watu wao kwa cherehani, na katika Uhuru Market kushona sare ni kazi inayojulikana siku nyingi.

Kwa hiyo sare ibaki. Lakini tusiipe sifa isiyo yake. Kuna watu husema kwamba sare ndiyo inayoleta nidhamu na elimu. Kanzu peke yake haimfanyi mtu kuwa shehe. Magharibi mwa Kenya ulifanywa uchunguzi mzuri, ambapo watoto wa shule maskini walipewa sare bure kwa kupiga kura, hata ikawezekana kuwalinganisha waliopata na waliokosa. Wachunguzi David Evans na Mũthoni Ngatia walichapisha matokeo yake mwaka wa 2021. Utoro ulipungua kwa asilimia 37 kwa jumla. Na kwa wale ambao hawakuwa na sare hapo mwanzo, ulipungua kwa asilimia 55. Huo ni msaada mkubwa kwa kitambaa na uzi tu. Hata hivyo, baada ya miaka minane, hawakuona dalili kwamba waliopewa sare walikuwa wamefika mbali zaidi ya wenzao katika madarasa. Uchunguzi mwingine, uliofanywa huko huko katika shule 328 na kuchapishwa mwaka wa 2015, ulionyesha kwamba wasichana wa madarasa ya juu waliopewa sare bure waliacha shule kwa uchache zaidi, na mimba za mapema zikapungua.

Twajifunza nini? Twajifunza kwamba sare ni mlango, wala si nyumba. Kumpa mtoto sare humfikisha darasani; yatakayompata darasani yanategemea mwalimu, kitabu, chakula na utulivu wa nyumbani. Lakini asiyeingia mlangoni hayapati hayo yote. Tangu mwaka wa 2023 Kaunti ya Nairobi imekuwa ikiwapikia watoto wa shule chakula cha mchana kwa shilingi 5. Mtoto aliyerudishwa kwa ajili ya sweta hukosa somo, tena hukosa na sahani yake.

Sheria ya nchi nayo ina neno. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 yasema kwamba hata pale ambapo shule ya umma imeruhusiwa kutoza malipo mengine, mtoto asikataliwe shuleni kwa kuwa hakuyalipa. Sisi si mawakili. Lakini twaona kwamba ikiwa mtoto hafukuzwi kwa kukosa fedha, ni vigumu kueleza kwa nini afukuzwe kwa kukosa kitu kinachonunuliwa kwa fedha.

Kuna na jambo la imani, ambalo katika mitaa kama Pumwani na Eastleigh hatuwezi kulipita. Kesi ya ushungi iliyoanzia shule moja ya Isiolo ilikwenda mpaka Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka wa 2016 iliwaruhusu wasichana Waislamu kuuvaa. Kisha mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu ya namna dai lilivyoletwa mahakamani. Mwaka huo huo wa 2019 Mahakama Kuu iliamuru apokewe shuleni msichana wa Kirastafari aliyekuwa amekataliwa kwa ajili ya nywele zake. Kamati yetu ina Wakristo na Waislamu, nasi tulikubaliana pasipo kugombana kwamba ushungi wa rangi ya sare hauipunguzi sare. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wamewavika watoto wao ushungi mweupe pamoja na sare miaka mingi, na sare imebaki sare.

Tena tunaweza kujifunza jambo lingine kwa majirani. Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida huvaa shati jeupe na kaptura au sketi ya buluu, awe Tanga au Mwanza. Kitambaa hicho hupatikana kila soko, kila fundi anaweza kukishona, na nguo iliyombana mkubwa humfaa mdogo hata kama wamehama mji. Kwetu kila shule ina rangi zake, mistari yake, beji yake na duka lake. Sekondari ya chini ilipoanza mwaka wa 2023 katika viwanja vya shule za msingi, wako watoto walioambiwa wabadili rangi hali hawakubadili hata lango wanalopitia. Mzazi alinunua sare mpya ili mtoto avuke ua mmoja.

Bwana Mwenyekiti, twaleta mbele ya mkutano huu mambo manne, nasi twaomba yapigiwe kura leo.

La kwanza: chama kiwaandikie walimu wakuu na bodi za shule za umma za mitaani mwetu, kuwaomba watangaze waziwazi kwamba hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa sare au sehemu ya sare. Akija bila hiyo, aingie darasani kwanza. Kisha mzazi aitwe, na mazungumzo yawe ya watu wazima.

La pili: sare iwe ya kitambaa cha kawaida kinachopatikana sokoni, ishonwe na fundi yeyote, na sweta iwe ya rangi moja isiyo na maandishi. Shule ikitaka beji, iuze kipande kidogo ambacho mama anaweza kukishona kwa sindano yake. Tena rangi isibadilishwe pasipo wazazi wote kuitwa na kuulizwa.

La tatu: kila mwanachama wetu anayechaguliwa kuingia katika bodi ya shule au chama cha wazazi aahidi kwamba kabla ya kuinua mkono kuunga mkono nguo mpya, atauliza swali moja: mwenye uwezo mdogo kuliko wote atainunua wapi, na kwa bei gani? Wale wanachama wetu wawili ndio walioliandika jambo hili la tatu kwa mikono yao. Twawashukuru.

La nne ni la mfuko wetu. Twaomba lifunguliwe kabati la sare katika ofisi ya chama. Shule zifungapo mwishoni mwa mwaka, kila nyumba ilete nguo ambazo watoto wamezipita, zikiwa zimefuliwa na kutiwa viraka vizuri. Mafundi wetu wamekubali kutoa alasiri moja kila mwezi kwa kazi ya kupunguza na kuongeza. Kipimo chetu kiwe hiki: asilete mtu nguo ambayo asingemvika mjukuu wake mwenyewe. Na atakayepewa, apewe kwa siri. Jina lake lisisomwe, wala asipigwe picha ya kutuletea sifa. Yule mtoto alizunguka sokoni siku nane kwa kuogopa haya. Hatuwezi kumtoa katika haya ya langoni tukamtia katika haya ya ukumbini.

Kabati hilo lahitaji fedha za kuanzia, za vitambaa na nyuzi. Hatutaki kuongeza michango, kwa maana twajua hali za watu. Lakini halmashauri ilikuwa imetenga fedha za kununua vitenge, ili wanachama wote tuvae sare katika karamu yetu ya mwisho wa mwaka. Akina mama wamekwisha kuchagua rangi, nasi twakiri kwamba ni rangi nzuri sana. Twawaomba, kwa unyenyekevu, karamu ya mwaka huu kila mtu aje na nguo aliyo nayo, na fedha zile ziwashonee watoto. Tutakaa mezani tukiwa na rangi mbalimbali, na hapana atakayetudharau kwa hilo, kwa sababu kila mmoja atajua sare yetu imekwenda wapi.

Tulipomwendea yule bibi kumsomea maneno haya kabla ya leo, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kabati litapokea sweta. Ile ya Gikomba, isiyo na beji, ilikuwa imekwisha kumbana mjukuu wake. Ameileta leo, imefuliwa na kupigwa pasi, nayo iko pale mezani mbele ya Bwana Karani. Ndiyo nguo ya kwanza ya kabati, ikiwa mtakubali liwepo.

Sasa shauri ni lenu.